Watoto Tusiowahesabu

Nakumbuka alasiri moja ya Jumapili, mwanangu, nilipogundua kwamba mtoto wangu anasoma ukurasa ambao haupo.

Wageni wa kanisani walikuwa wamekuja kwetu Kanyangi kunywa chai, na mimi, mtu wa soko, sipendi mgeni aondoke kabla hajaona kitu kizuri. Nikamwita Mwende, kifungua mimba wangu, aliyekuwa darasa la nne. "Leta kitabu, usomee wageni." Akaleta kitabu cha hadithi cha shule, akasimama wima, akasoma. Na alisoma! Pale pa kuuliza aliuliza, pale pa kushangaa alishangaa. Mama mmoja aliweka kikombe chini ili asikie vizuri. Mimi nilikuwa nyuma yake, namfungulia kurasa kwa mkono wangu.

Sasa, nina ugonjwa wa kuhesabu. Nimeuza kuku miaka mingi, nikiwanunua bomani huku Kanyangi na kuwapeleka soko la Kwa Vonza, na kuku ni kiumbe anayeweza kupungua huku unamtazama. Kwa hivyo kila kitu nahesabu mara mbili. Niliona ukurasa wa kumi na tano. Nikafungua. Nikaona wa kumi na nane. Karatasi mbili zilikuwa zimeshikana kwa uji. Lakini Mwende hakuruka. Alisoma wa kumi na sita neno kwa neno, akasoma wa kumi na saba, na kidole chake kikitembea chini ya mistari ya wa kumi na nane kama kidole cha karani.

Wageni wakapiga makofi. Mimi nikahesabu tena.

Walipoondoka nilimwonyesha neno moja tu, fupi. "Hii inasema nini?"

Akaangalia picha. "Mbwa."

"Picha ni mbwa. Neno ni nini?"

Mtoto akafunga kitabu. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayekiri kuvunja sahani, "Mwaitu, mama yangu, Kavata akisoma mara moja mimi nashika yote. Lakini nikiwa peke yangu, maneno yananinyamazia."

Kavata ni yule msichana aliyekaa naye dawati moja. Miaka minne, mwanangu, Kavata alisoma, na Mwende akashika. Mimi nilichokuwa najivunia ni sauti ya Kavata iliyopitia kwenye mdomo wa mtoto wangu.

Nilichanganyikiwa, na sioni haya kusema. Angekuwa mjinga ningeelewa, maana wajinga nimewaona wengi, na wengine wamenunua kuku kwangu. Lakini huyu alikuwa akitazama tenga lenye kuku thelathini anakwambia huyu ametoka kwa Mama Kioko, yule kwa mzee Nzioka, na yule mwenye kucha iliyokatika anahara, usimpeleke soko. Kichwa kama hicho kinashindwaje na neno lenye herufi tano?

Nikauliza watu. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza watu wengi kwa wakati mmoja kunakaribia. Jirani alisema ni macho, nikampeleka Kitui mjini. Daktari akampima, akasema macho yake yanaona vizuri kuliko yangu. Nikarudi na mtoto yule yule na macho yale yale, nauli tu ndiyo iliyobadilika. Mwingine alisema ni uvivu, dawa yake kiboko. Lakini Mwende alipewa jina la mama mkwe wangu, kama mila yetu inavyotaka msichana wa kwanza, na kwetu mtoto aliyepewa jina hilo ukimchapa ni kama umeinua mkono juu ya mama mkwe mwenyewe. Hilo nani atathubutu?

Basi nikafanya lile nililolijua. Kuku mwenye kasoro, mwanangu, humtangazi. Unamweka katikati ya tenga, wazima wamzunguke. Nikamhonga Kavata kwa mandazi, awe anasoma kwa sauti zaidi.

Mwaka ule ndio masomo ya bure yalikuwa yameanza, na darasa la Mwende lilikuwa na watoto themanini, wengine wamekaa dirishani kama njiwa. Katika umati huo aliletwa mwalimu mpya, msichana mwembamba aitwaye Mwalimu Ndunge. Huyo hakudanganywa na mandazi. Siku ya mkutano wa wazazi alisimama akasema kwa upole kwamba katika kila darasa alilowahi kuingia amekuta watoto wenye akili timamu ambao herufi zinawashinda, na kwamba hiyo si laana wala uvivu. Alifundishwa njia yake chuoni: kuandika herufi mchangani kwa kidole, kupigia sauti za neno makofi, moja moja, bila haraka. Aliomba chumba na saa moja kila asubuhi.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa mahesabu kama mimi, na hiyo ndiyo sababu sikumpenda sana. "Chumba kilichobaki ni stoo," akasema. "Na siwezi kumtoa mwalimu kwenye watoto themanini kwa ajili ya wawili. Nipe kumi. Kufikia mwisho wa muhula, kama si kumi, mambo yaendelee kama yalivyo. Asiyejua kusoma atarudia darasa." Halafu akatugeukia. "Haya, wazazi. Mwenye mtoto ambaye hasomi, ainue mkono."

Hapa lazima nikueleze jambo, kwa sababu nyinyi mlizaliwa sensa na simu vikiwa vimezoeleka. Kwetu mtoto hahesabiwi. Mtu akikuuliza una watoto wangapi, unajibu, "Niko na hawa Mungu alinipa," basi. Ukitaja idadi unaita jicho baya lije kupunguza. Wazazi tuliokuwa pale tuliijua mila hiyo kuliko Amri Kumi, na siku ile ikatufaa kama mwavuli. Nilitazama mbele, nikatazama nyuma. Mkono, hakuna. Nikahesabu mara ya pili. Hakuna. Wangu ulikuwa mapajani, umetulia kama kuku aliyefungwa miguu.

"Mwalimu Ndunge, umeona?" akasema mwalimu mkuu. "Shule hii haina ugonjwa huo."

Na tukapiga makofi, mwanangu. Tukapiga makofi.

Nilipofika nyumbani Mwende alikuwa amenisubiri langoni. "Mwalimu alisema atauliza. Ulisema?"

"Sikusema."

"Sawa," akajibu. Alisema hiyo sawa kama mteja anayeweka kuku chini na kuondoka bila kubishana bei, na wewe unajua huyo harudi. Kisha akaongeza, "Nikirudia darasa, nitaacha shule nikusaidie kubeba kuku." Alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa ameshapiga hesabu yake.

Mama mkwe wangu, ambaye watoto na hata mimi tulimwita Susu, alikuwa ameketi uani akipukuchua mbaazi, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko alivyotaka tujue. Alisubiri mtoto aende mtoni.

"Kwa nini hukuinua mkono?"

"Susu, watoto hawahesabiwi."

"Nani alikuambia?"

"Wewe."

"Mimi nilikukataza kuhesabu ili usijisifu mbele ya aliyenyimwa." Aliendelea kupukuchua, hakuniangalia. "Jioni mbuzi wakirudi, babako mkwe alikuwa anawahesabu?"

"Hapana."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anawatazama. Mwenye doa, mwenye pembe moja, yule mweusi."

"Na mweusi akikosekana?"

"Tunamtafuta."

"Hatukuwahesabu hata siku moja, na hakuna siku tulilala mmoja akiwa nje. Wewe umemwacha mmoja nje, umefunga lango, unaniambia ni mila. Usinipakie uzito wako mgongoni, mimi ni mzee."

Nimekaripiwa na polisi, na askari wa kaunti, na wanawake wa Ikutha ambao ulimi wao hukata nyaya. Hakuna kauli iliyoniingia kama ile. Nilikosa pa kuweka mikono.

Ndipo Susu akachukua kibuyu kidogo kilichokuwa karibu naye, akatia mbaazi moja ndani. "Huyu ni Mwende." Akatia ya pili.

"Na huyo?"

"Huyo ni Mutisya."

"Mutisya gani? Mutisya wangu?"

"Kabla hajawa wako alikuwa wangu."

Mutisya, mume wangu, alikuwa fundi wa magari kule Makindu, na kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yetu sikuwahi kupata barua yake. Salamu alizituma kwa midomo ya watu: utingo, mchuuzi wa vitunguu, hata padri mmoja. Nilikuwa nimeshanuna, nikaacha, nikanuna tena kwa sababu ya barua hizo zisizofika. Susu akanieleza kwamba Mutisya alipigwa shuleni na kupigwa nyumbani kwa sababu kitabu kilimshinda, hadi akatoroka akaenda kushika spana, na hakumwambia mtu. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, mume nilimhesabu mara moja tu.

Kibuyu kile ndicho kilichonipa njia. Kazi yangu ilikuwa kuingia maboma ya watu, na mnunuzi wa kuku hafukuzwi na mbwa wala na mwenyewe. Kila boma, tukishamaliza kugombana juu ya jogoo, nilikuwa nampa mama kibuyu na kiganja cha mbaazi. Namwambia: kama kwako yupo mwenye akili zake, lakini kusoma kumemshinda, tia moja kwa kila aliye hivyo. Hujamtaja, hujamhesabu, ni mbaazi tu. Mimi nageuka.

Walinicheka. "Mama Mwende, siku hizi unanunua mbaazi moja moja?"

"Biashara imeharibika, mama. Tia tu."

Wengine walirudisha kibuyu upesi. Wengine walikaa nacho kifuani kwa muda. Mmoja alitia mbaazi, akanigusa bega, akasema, "Hiyo ni mimi mwenyewe." Mke wa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa na kuku wazuri sana, aliniambia mbele ya mashemeji zake, "Kwetu hakuna kitu kama hicho." Lakini alikichukua kibuyu, akakishika kifuani. Nikageuka. Mbaazi kavu ikianguka ndani ya kibuyu, mwanangu, ina sauti yake, na sikio la mfanyabiashara halina adabu.

Baada ya wiki mbili nilimwaga mbaazi kwenye mkeka mbele ya Mwalimu Ndunge. Nikahesabu: ishirini na tatu. Nikarudia: ishirini na nne. Nikarudia tena: ishirini na tatu. Hadi leo sijui ilikuwa ngapi. Na hata ningejua, ningekuwa nimejua nini? Humo kulikuwa na watoto wa shule yetu na wa shule ya ng'ambo ya mto, na watu wazima wawili angalau, na labda mama mmoja aliyetia tatu kwa sababu nilimpunja kwenye jogoo. Nilitarajia kujua idadi, nikapata fumbo. Kitu kimoja tu ndicho kilikuwa wazi: nilikwenda nikidhani niko peke yangu, na hakuna kijiji, hakuna mteremko, ambako kibuyu kilitoka kama kilivyoingia.

Mwalimu Ndunge alizitazama. "Na mikono iliyoinuliwa ilikuwa sifuri," akasema.

Tukaenda kwa mwalimu mkuu. Alizitazama mbaazi, akanitazama mimi. "Mama Mwende, mbaazi hazina majina. Nilisema watoto kumi. Leta majina kumi, na sahihi za wazazi."

Alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini kata haiandikishwi shuleni. Nikachukua karatasi, nikaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, Mwende Mutisya, nikatia sahihi. Ilikuwa kama naandikisha deni la ukoo. Halafu nikarudi bomani, safari hii bila kibuyu. Namwonyesha mama jina la mwanangu kwanza. Nasema, "Huyu ni wangu. Hasomi. Sijafa." Halafu nanyamaza, jambo ambalo wanaonijua watakuambia si rahisi kwangu.

Siku ya mwisho ya muhula nilikuwa na majina saba.

"Saba si kumi," akasema mwalimu mkuu.

"Mwalimu, kumi ilikuwa bei ya kwanza. Umewahi kuona Mkamba analipa bei ya kwanza?"

"Hapa si sokoni."

"Basi niambie ya mwisho."

Mwalimu Ndunge aliangalia dari. Mwalimu mkuu akajikuna shingo. "Nane. Chini ya nane siwezi kumjibu mkaguzi."

Nane. Na mimi nilikuwa na ile mbaazi moja sikioni. Nilijua imetoka boma lipi. Ningeitaja tu pale, mbele ya Mwalimu Ndunge, ningepata stoo, ningepata na viti. Nimeshinda biashara nyingi kwa kujua kitu ambacho mwenzangu hajui kwamba najua. Ulimi ulikuja hadi kwenye meno. Lakini nikakumbuka mikono ya yule mama ilivyokishika kibuyu kifuani, na nilikuwa nimemgeukia mgongo kama ahadi. Nikanyamaza. Niliwaza kwamba kwa kunyamaza kule nampoteza Mwende, na nikanyamaza.

Sijui mwalimu mkuu aliona nini usoni mwangu. Labda hakuona kitu. Labda mkewe alikuwa ameshaongea naye. Mambo ya nyumba ya mtu hayana dirisha. Alivuta karatasi, akaisoma kutoka juu hadi chini, jina kwa jina. Akaitazama tena, kama ninavyofanya mimi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kuniangalia, "Haya saba yatoshe leo. Wa nane nitamleta mwenyewe Jumatatu."

Na alimleta, amemshika mkono.

Stoo ilikuwa na magunia ya mahindi na panya wasiojali elimu. Walianza wanane. Muhula uliofuata walikuwa kumi na tatu, maana mtoto mmoja akisoma kibao cha duka njiani, jirani husikia. Mwende hakuwa profesa, na usitarajie nikuambie hivyo. Alimaliza darasa la tano akiweza kusoma ukurasa mmoja peke yake, polepole, jasho likimtoka, na siku alipousoma nilihakikisha karatasi hazijashikana. Leo anaendesha duka lake la dawa za mifugo, na bado anasoma polepole, na bado namwona akirudia mstari mara mbili. Hilo nasema amerithi kwangu. Babake aliporudi Desemba nilimwambia nimejua. Akaomba chai. Nikampa, nikakaa karibu naye, na sikuuliza tena habari za barua.

Nimekuambia haya, mwanangu, kwa sababu na wewe sasa ni mzazi, na wako naye herufi zinamshinda, na mko kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, na humo kila mtu anatuma picha ya cheti cha mwanawe. Hakuna anayeandika, "Wangu kusoma kumemshinda, nifanyeje?" Andika wewe. Utaona kimya, halafu utaona ujumbe wa pembeni, mmoja, wa pili, wa tatu. Wataalamu huita jambo hili disleksia, neno ambalo lenyewe halimhurumii mgonjwa. Wana hesabu zao za watoto wangapi wanalo, na hesabu hizo nimeambiwa hazilingani. Sizibishi wala sizikubali. Ukisikia ni wachache, uliza nani hakuinua mkono. Ukisikia ni wengi, usiogope; wengi maana yake wako hajaachwa peke yake.

Usimchape. Mpime macho na masikio, lakini usiishie hapo. Nenda kwa mwalimu kabla mwalimu hajakuita, ukaulize ofisi ya elimu ni wapi wanapima watoto wa namna hii, na usikubali kurudishwa mara ya kwanza, kwa maana hilo ni jibu la kwanza tu. Mficha uchi hazai, na mficha mtoto hamsaidii. Na zaidi ya yote, liseme jina la mwanao wewe mwenyewe, kwa sauti, kabla ya kumwomba mwenzako aseme la wake. Mengine mengi sijayaelewa mpaka leo. Hilo nimelielewa.

Sasa leta viganja vyako nivitemee mate ya baraka, kama Wakamba wa zamani walivyofanya, usicheke. Mungu akupe subira kuliko aliyonipa mimi. Akupe mwalimu mwenye macho, na jirani asiye na domo. Na mtoto wako, popote atakapofungua kitabu, asikose mtu wa kumsubiri hadi mwisho wa mstari.